Kushika kwa kichwa si kufahamu



Mwezi huu tuzungumze juu ya masomo ya siansi kwenye vyuo vikuu vyetu. Lakini kwanza nikubali kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwenye ekzame ya kemia nilipata alama 16 juu ya 20. Baba aliita majirani, mama akachinja kuku. Wakati wa likizo nikapata stazi katika kiwanda kimoja. Siku ya tatu niliambiwa kupunguza ukali wa asidi sulfuriki kwa maji. Nikaweka asidi mbele yangu, nikainua kopo la maji kusudi nimwage ndani. Mzee mmoja wa kazi, mtu asiyemaliza hata shule ya msingi, akanikamata mkono kwa nguvu.

– Kijana! Hapana maji mu asidi. Asidi mu maji, polepole! Unataka kupofuka macho?

Ndugu zangu, formula ya asidi ile niliweza kuiandika hata katika giza. Niliweza pia kuandika kwamba ikichanganyika na maji inatoa moto mwingi. Neno hilo lilikuwa ndani ya silabusi, na silabusi yote nilikuwa nimeishika kwa kichwa. Lakini sikuwa nimejiuliza hata siku moja: ule moto unaenda wapi?

Mzee alinieleza kwa dakika mbili. Maji ni mepesi kuliko asidi. Ukiyamwaga juu yake yanabaki juu, yanachemka mara moja, na yanaruka pamoja na asidi mpaka kwenye uso wako. Bali ukimwaga asidi kidogo kidogo ndani ya maji mengi, moto unagawanyika ndani ya maji yote, wala hakuna kinachoruka. Ni hivyo tu. Tangu siku ile ninajiuliza: zile alama 16 zilikuwa alama za nini?

Musidhani kwamba ugonjwa huu ni wetu peke yetu, kwa sababu ya umasikini na oditwari zilizojaa. Sikilizeni jambo lililotokea Marekani, katika universite ya Harvard, moja ya zile zinazosifiwa sana duniani. Profesa Eric Mazur alianza kufundisha fizika pale mwaka 1984. Wanafunzi walimsifu, na katika ekzame walifanya hesabu ngumu bila taabu. Yeye mwenyewe aliamini kwamba anafundisha vizuri.

Mwaka 1990 akasoma maandishi ya David Hestenes na wenzake wa universite ya jimbo la Arizona. Hao walitengeneza maswali mepesi ya fizika, bila hesabu, juu ya mambo tunayoyaona kila siku. Wakavumbua kwamba wanafunzi wengi wanamaliza masomo ya fizika na mawazo yao yamebaki yaleyale ya zamani. Mazur akafikiri: kwangu haiwezekani. Akawapa wanafunzi wake maswali hayo. Mwanafunzi mmoja akamuuliza kama inapashwa kujibu jinsi profesa alivyofundisha, ao jinsi yeye mwenyewe anavyowaza juu ya mambo hayo. Tazama vizuri ulizo hilo! Katika kichwa kimoja mlikuwa na fizika mbili: moja ya ekzame, ingine ya maisha.

Pimeni swali moja la namna hiyo hapa kwetu. Kamyo kubwa ya mgodi, imejaa mawe ya shaba, inagongana na pikapu ndogo. Nani anampiga mwenzake kwa nguvu zaidi? Niliuliza vijana watatu, wote wanafunzi wa universite. Wawili walicheka: «Mwalimu, ile ni swali? Ni kamyo!» Wa tatu alinyamaza, kisha akasema polepole: «Newton alisema nguvu ni sawasawa pande zote mbili.» Wenzake wakamrukia: «Sasa juu ya nini pikapu ndiyo inavunjika?»

Wa tatu ndiye alisema kweli. Nguvu ni sawa. Lakini pikapu ni nyepesi, kwa hiyo nguvu ileile inaibadilisha mwendo mara moja na kuitupa mbali, na kamyo yenye uzito mkubwa inasikia kidogo tu. Wale wawili waliijua sheria ya tatu ya Newton neno kwa neno. Waliisema vizuri nilipowauliza. Lakini haikutoka hata siku moja ndani ya daftari kwenda barabarani.

Mazur alifanya nini? Kwanza alifanya sawa vile tungefanya sisi wote: alieleza tena, na tena. Nyuso za wanafunzi zikabaki bila nuru. Mwisho akawaambia: zungumzeni ninyi kwa ninyi. Oditwari ikajaa kelele, na baada ya dakika chache wengi walikuwa wamefahamu. Sababu yake ni hii: profesa amejua jambo lile tangu miaka mingi, amesahau ugumu wake ulikuwa wapi. Mwenzako aliyelifahamu leo bado anakumbuka jiwe alilojikwaa juu yake.

Kutokana na hayo akatengeneza desturi moja, na mwaka 1997 akaitolea kitabu. Profesa anaeleza kwa muda mfupi. Kisha anatoa swali moja lenye majibu ya kuchagua. Kila mmoja anawaza peke yake, kimya, dakika moja ao mbili, na anachagua jibu. Hapo kila mmoja anatafuta jirani mwenye jibu lingine, na wanabishana kwa sababu, si kwa sauti. Wanachagua tena. Ndipo profesa anaeleza. Kazi ya kusoma silabusi inafanyika nyumbani, mbele ya somo.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 1998 Richard Hake alitoa hesabu ya wanafunzi zaidi ya 6.000 wa fizika katika masomo 62. Wacha tuseme kwamba mwanzoni mtu hakujua mambo 100. Pahali ambapo profesa alisema peke yake, mtu alipata kufahamu kama 23 tu. Pahali wanafunzi walipowaza na kuzungumza, alipata kama 48. Mwaka 2014 wataalamu wengine walikusanya chunguzi 225 za masomo ya siansi na hesabu. Pale wanafunzi walipokaa kusikiliza tu, karibu 34 kwa 100 walianguka. Pale walipofanya kazi wao wenyewe darasani, karibu 22. Wale 12 walio katikati ni watoto wa watu. Kwetu, mzazi anajua uzito wa mtoto anayerudilia mwaka: minervali tena, silabusi tena, chumba tena.

Lakini nawaonya. Mwaka 2019 huko Harvard uchunguzi mwingine ulionyesha jambo la kushangaza. Wanafunzi waliofanya kazi darasani walifahamu zaidi, lakini wao wenyewe walidhani wamefahamu kidogo. Wale waliomsikiliza profesa mwenye kusema vizuri walidhani wamefahamu zaidi, kumbe walifahamu kidogo kuliko wenzao. Kufahamu kunachosha. Usipochoka kidogo, jiulize kama kweli umejifunza.

Sasa tufanye nini, sisi ambao kwetu wanafunzi mamia wanabanana kwenye oditwari moja, na labo ina vyombo vichache? Desturi hii haiombi mashine. Vidole vya mkono vinatosha: kidole kimoja jibu la kwanza, viwili jibu la pili.

Ninyi wanafunzi, musingoje profesa abadilike. Mukutane watatu ao wane, mara mbili kwa juma. Mtu asisome silabusi kwa sauti mbele ya wenzake, hiyo ni kazi ya kasuku. Mmoja alete swali, kila mmoja aandike jibu lake kwanza, kisha mubishane. Na usimcheke anayekosa. Kosa lililosemwa linatengenezwa, lililofichwa linangoja siku ya asidi.

Ninyi maprofesa na maasistenti munaosoma ukurasa huu: tunajua kama mishahara ni midogo na kazi ni nyingi. Tunaomba dakika kumi tu katika kila somo, na katika ekzame swali moja ambalo jibu lake halimo ndani ya silabusi. Mwanafunzi anasoma kufuatana na ekzame. Mukiuliza maneno ya kushika kwa kichwa, atashika kwa kichwa.

Ninyi wazazi, mtoto akirudi na alama, musiulize tu «ngapi?». Muambieni: «Nieleze.» Hata mama asiyejua Kifaransa anaweza kusema: «Nieleze mpaka nifahamu.» Akishindwa kueleza, yeye mwenyewe atajua pahali pa kurudilia.

Kwa kumaliza, swali la nyumbani. Mama anapika bukari. Maji yamekwisha kuchemka kwa nguvu juu ya mbabula. Mtoto anaongeza makala, moto unawaka zaidi. Je, maji yale yanapata moto zaidi kuliko mbele? Kila mmoja ajibu peke yake kwanza, kisha mubishane kwa upole kabla bukari haijaiva. Jibu mutalipata mwezi ujao.

Na yule mzee wa kiwanda? Sikupata kumlipa. Macho yangu mawili yanayoandika ukurasa huu ndiyo deni langu kwake.