Mnazi wa sebuleni

Baridi mnaionaje huko mliko? Walioko Dar najua watanicheka, kwao baridi ni kuzima feni. Leo nina neno na wenzetu wa Mafinga, Njombe, Makete, Lushoto na kwingineko ambako asubuhi unaoga huku meno yanagongana.

Kaka mmoja wa Mafinga ameniandikia. Kaoa mwaka jana, na mkewe ni mtu wa Mafia kama mimi, tena wa Miburani hasa, kijijini kwetu. Nikajisemea, haya, leo nimeletewa kesi ya shemeji! Anasema bibie alipokuja alileta nazi ndani ya kikapu. Moja ikachipua, akaipanda kwenye ndoo ya plastiki na kuiweka sebuleni, pembeni ya televisheni. Mwanzoni ilipendeza kweli. Sasa majani yamesimama hayaongezeki, ncha zimekuwa kahawia, na kila jioni mke anaingiza jiko la mkaa ili mnazi wake upate joto. Juzi katamka kwamba baridi ikizidi ataenda Mafia "kupumzika kidogo". Kuhusu siku ya kurudi, kimya. Kaka anauliza: "Dada, niitupe hii ndoo au niiache?"

Kwanza, jiko litoke nje

Kabla ya ndoa, kabla ya mnazi, hili halina mjadala. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anajisikia kichwa kizito, analegea, analala, na haamki. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizokutwa hivyo, na wengi wao walikuwa wanajipasha moto tu, maskini. Kaka, jiko lilale nje leo hii. Ila usilitoe kwa ukali. Mwambie mkeo unaogopa kumkosa, kwa sababu huo ndio ukweli wenyewe.

Mnazi unakula nini?

Sasa tuje kwenye ndoo. Sisi tuliokulia Mafia tunaujua mnazi kuliko tunavyozijua simu zetu. Nazi ikianza kuota, ndani yake kunajaa kitu cheupe, laini kama sifongo, kitamu. Hilo ndilo joya. Watoto tuligombania sana joya pale Miburani! Joya ndilo linalomnyonyesha mche. Nazi inaweza kutoa majani yakapendeza kwa miezi mingi ikiwa sakafuni tu, haijagusa udongo, kwa kuwa inakula akiba yake yenyewe.

Ndiyo maana mnazi wa Mafinga ulipendeza mwanzoni ukamdanganya kila mtu. Ulikuwa unakula chakula ulichokuja nacho kutoka nyumbani. Akiba ilipopungua ukawa unataka udongo wenye joto, na hapo ndipo ulipokwama. Mnazi unapenda wastani wa nyuzi 27 hivi, mwaka mzima, na jua la kutosha. Mafinga iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10. Kaka, huo mnazi hautazaa. Ukiulinda sana utabaki pambo, na siku moja utakauka.

Na mimi nakuuliza, je, ni mnazi peke yake uliokuwa unakula joya? Mume wangu ni wa Njombe. Alipopata uhamisho nikaacha kazi yangu Dar nikamfuata. Mwaka wa kwanza nilikuwa bibi harusi wa kupigiwa mfano. Nacheka, napika, nasema baridi nzuri jamani, ngozi inang'aa. Nilikuwa naishi kwa nilichokuja nacho: kanga za mama, sauti za shoga zangu kwenye simu, pesa yangu kidogo ya akiba. Mwaka wa pili vikaisha. Sikuwa na kazi, sikuwa na rafiki wangu mwenyewe, kila niliyemjua alikuwa ndugu au mfanyakazi mwenzake mume. Nikaanza kumwambia nataka kwenda Mafia kupumzika. Yaani maneno yale yale! Siyo kwamba nilikuwa simpendi. Nilikuwa natafuta pa kuweka mzizi.

Kwa hiyo ndoo usiitupe, kaka. Mwambieni mnazi ukweli wake wakiwa wawili, wewe na yeye. Na ukimaliza, muulize mkeo swali ambalo mimi nilingoja miaka miwili kuulizwa: "Hapa unakosa nini?" Halafu nyamaza umsikilize.

Kinachowezekana huku baridini

Maana kulima matunda ya pwani huku juu siyo ndoto. Kule Aisilandi, karibu kabisa na kaskazini mwa dunia, wamekuwa wakiotesha ndizi tangu miaka ya 1940, ndani ya nyumba za vioo zinazopashwa na maji ya chemchemi za moto. Siri ni kwamba joto lao linatoka ardhini bila kuchoma kuni. Basi na wewe jiulize, nyumbani kwangu joto la bure liko wapi?

*Nanasi.* Hili ndilo la kuanzia. Nunua nanasi lenye shungi bichi la majani, lizungushe mpaka shungi ling'oke. Bandua majani ya chini, uliache kivulini siku tatu nne likauke jeraha, kisha lipande kwenye chungu au ndoo iliyotobolewa chini. Udongo uwe mwepesi, changanya mchanga na samadi iliyooza vizuri. Liweke dirisha linalotazama kaskazini, kwa sababu Juni na Julai jua letu linaelemea huko. Maji kidogo tu wakati wa baridi, mengi yanaozesha. Usiku lisogeze mbali na kioo. Pwani nanasi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Huku hesabu mitatu, usiwe na haraka. Likishakuwa kubwa likakataa kutoa ua, weka tufaha mbili zilizoiva karibu na shina, ufunike mmea wote kwa nailoni siku chache. Tunda linaloiva linatoa hewa inayoliamsha nanasi lichanue. Tufaha za Njombe kuzalisha nanasi la kipwani, hiyo siyo ndoa kweli?

*Papai.* Linawezekana, ila chagua mahali. Hewa ya baridi inateremka bondeni kama maji, kwa hiyo usipande chini kabisa ya kiwanja. Jalidi inaanzia huko. Tafuta ukuta wa matofali unaopigwa na jua mchana, kwani unatunza joto na kulitoa usiku. Panda kwenye tuta, mizizi ya mpapai haivumilii maji yaliyotuama. Panda miche mitatu au minne, maana mingine inatoka dume. Usiku mkali ifunike kwa magunia. Utamu hautafika ule wa Mafia, nisikudanganye, lakini hata likiwa bichi linalainisha nyama.

*Pasheni.* Hapa wengi wanakosea mbegu. Pasheni ya njano ni ya joto, ya pwani. Ile ya zambarau asili yake ni Amerika Kusini, na huku milimani ndiko kwake. Ipe uzio wa kupanda, itakushukuru.

*Stafeli.* Likisikia baridi linasusa. Lakini lina ndugu yake wa milimani, tomoko aina ya cherimoya, lenye nyama nyeupe laini na mbegu nyeusi. Funga macho uonje, utadhani uko barazani kwa bibi.

*Embe.* Mti utaota, lakini maua yanayotoka kwenye baridi na ukungu yanashikwa na ugonjwa na kuwa meusi. Kwa embe mimi nimenyoosha mikono, nanunua sokoni.

Mimi mwenyewe nilianza na mpapai. Aliyenionyesha pa kupanda ni mama mkwe. Nilikuwa nimeshachagua mahali pazuri mbele ya nyumba, ili wapita njia waone. Mama akatikisa kichwa, akanishika mkono mpaka nyuma ya jiko lake la kuni, akaniwekea kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto. "Hapa," akasema. Kumbe kwa miaka yote moto wake wa ugali ulikuwa unapasha ule ukuta usiku na mchana. Tokea siku ile nikawa na sababu ya kwenda jikoni kwake kila asubuhi, na mazungumzo yakaanza. Papai la kwanza lilikuwa dogo kama ngumi, tukaligawana watu saba.

Na ile safari?

Kaka, mpeleke mkeo Mafia. Usimwekee masharti ya tarehe kama ofisi inatoa likizo. Ukiweza nenda naye, pandeni boti pale Nyamisati mshuke Kilindoni, mfike Miburani mkae na wazee wake. Kusi likivuma bahari inakuwa nzito, hivyo ulizieni hali kabla ya kusafiri, ila usiligeuze kusi kuwa kisingizio cha kuahirisha mpaka mwakani. Mtu aliyeruhusiwa kwenda kwao kwa amani, akasindikizwa, ana njia ya kurudi. Aliyezuiwa akaondoka kwa machozi, njia ile inaziba.

Mkiwa kule, muulize bibie anataka kufanya nini Mafinga. Kazi? Biashara ya nguo? Kusoma? Umleavyo mche ndivyo ukuavyo, lakini mke si mche, ana kinywa chake na akili zake, na ni yeye atakayekwambia udongo upi unamfaa. Inawezekana jibu lake likakugharimu. Labda ni wewe utakayeomba uhamisho safari hii. Ujitayarishe kulisikia hata hilo.

Wanaume wengine mnaosoma hapa mkisema "mambo ya wanawake hayo", tazameni sebuleni kwenu. Huenda nanyi kuna ndoo pembeni ya televisheni na hamjaiuliza ina nini.

Mkirudi, beba mashungi ya mananasi, yanakaa siku kadhaa kikapuni bila shida. Nazi pia beba, ila hizo ziende kwenye mchuzi.

Nisalimieni Miburani. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.