UN Ikishtakiwa Juu ya Ugaidi, Nani Ana Funguo za Korti?

Hii stori imewapita wasee wengi kama nganya ya Rongai isiyosimama stage, na siwalaumu, ju vile ilivyoandikwa kila mahali ni kama ilikuwa ya mawakili peke yao. Ni hivi. Mwezi wa nne mwaka 2025, Wizara ya Haki ya Marekani iliandikia korti ya Manhattan ikisema UNRWA, lile shirika la UN linalosaidia wakimbizi wa Kipalestina, halina kinga ya kutoshtakiwa. 2024, Biden akiwa bado ndani, wizara hiyo hiyo iliambia korti hiyo hiyo kwamba kinga iko. Sheria haijaguswa hata neno moja. Kilichobadilika ni nani amekalia kiti.

Kesi yenyewe ilifika kortini Juni 2024. Walioshtaki ni zaidi ya watu 100, waathiriwa wa Oktoba 7, 2023 na familia zao. Hiyo siku unaikumbuka: Hamas na vikundi vingine waliingia Israel, wakaua karibu watu 1,200 na kuteka nyara wengine karibu 250. Hawa walidai angalau dola bilioni 1 kutoka kwa UNRWA na wakubwa wake, akiwemo Philippe Lazzarini, bosi wa wakati huo. Hawasemi ati UNRWA ndiyo ilishika bunduki. Wanasema ilijua pesa zake zinaishia wapi na ikanyamaza.

Na hapo kuna kitu kimoja kwenye madai yao ambacho kila mtu wa mtaa ataelewa. Wanasema wafanyakazi wa UNRWA Gaza walikuwa wanalipwa dola, mkononi, na huko duka linatumia shekeli. So ukipokea mshahara lazima upitie kwa wabadilishaji pesa kwanza, na hao wabadilishaji, kulingana na walioshtaki, walikuwa wa Hamas au karibu na Hamas, na kila ukibadilisha wanakata chao. Imagini unalipwa na pesa mama mboga hawezi kuchukua, na mtaa mzima biashara ya kubadilisha iko chini ya genge moja. Hata kama wewe ni mwalimu tu wa darasa la tatu, genge linakula kwa mshahara wako.

Haya ni madai, sikia vizuri. Hakuna jaji amesema ni kweli. UN yenyewe ilichunguza wafanyakazi 19, na Agosti 2024 ikasema 9 kati yao huenda walihusika na shambulizi la Oktoba 7, ikawafuta. Tisa, kwa shirika lenye watu karibu 30,000, na kama 13,000 wakiwa Gaza peke yake. Na kwa vita hii hii, wafanyakazi zaidi ya 200 wa UNRWA wameuawa. Ukichukua nambari moja uache hizo zingine, utakuwa unapigia mtu kampeni.

Lakini swali la Manhattan halikuwa limefika huko. Hii ndiyo maana ya kinga, na ndiyo watu wengi hukosea kwa komenti: kinga haisemi hujafanya. Inasema hatutauliza kama umefanya. Kesi inafungwa kabla shahidi wa kwanza kuapishwa, kabla risiti moja kutolewa kwa faili. Mwenye hatia na asiye na hatia wote wanatoka kwa mlango mmoja, na wewe uliyefiwa unabaki hujui nani alikuwa nani.

Kwa nini sheria ya aina hiyo iko? Kuna sababu, na si ya kijinga. Mkataba wa UN wa 1945 na ule wa kinga wa 1946 uliandikwa na watu waliojua serikali vizuri. Bila kinga, nchi yoyote ikikasirika na UN inatafuta jaji wake, yule wa kupigiwa simu usiku, na asubuhi akaunti zimefungwa na magari ya chakula yameshikwa. Marekani leo, Urusi kesho, keshokutwa jenerali fulani aliyepindua serikali wiki iliyopita.

Na sisi tumeona karibu na kwetu kile woga wa sheria za ugaidi unaweza kufanya. Somalia, 2009 na 2010, Al-Shabaab walishika kusini na wakaanza kudai ushuru kwa mashirika ya misaada. Marekani ikapunguza msaada ikiogopa utaishia kwa magaidi. WFP nayo, ikitishwa na hao Al-Shabaab, ikatoka kusini Januari 2010. 2011 njaa ikapiga. Hesabu iliyofanywa baadaye ilisema zaidi ya watu robo milioni walikufa, nusu yao watoto wadogo, na waliobaki na nguvu ya kutembea walikuja Dadaab kwa maelfu. Si woga wa korti peke yake uliwaua. Kulikuwa na ukame, vita, na Al-Shabaab wenyewe kufukuza misaada. Ila ukisikia mtu akisema shirika lolote linalofanya kazi kwa eneo la magaidi lishtakiwe likome, muulize nani atapeleka unga.

Sasa geuza shilingi. Oktoba 2010 wanajeshi wa UN kutoka Nepal walifika Haiti, maji taka ya kambi yao yakaingia mtoni, na kipindupindu kikaua karibu watu 10,000. Haikuwa ugaidi, lakini mlango ni ule ule. Familia zilishtaki New York. Januari 2015 jaji akasema UN ina kinga, 2016 korti ya rufaa ikakubaliana naye, kwisha. Ban Ki-moon aliomba msamaha Desemba 2016, wakatangaza mfuko wa dola milioni 400, na nchi wanachama wakauangalia tu vile watu huangalia kikapu cha harambee kikipita.

Kinachochoma ni hiki. Ule mkataba wa 1946 unaoipa UN kinga, kifungu cha 29 kinaiambia UN pia itengeneze njia nyingine ya kusuluhisha madai ya watu binafsi. Hiyo ndiyo ilikuwa dili: hutaingia kortini, lakini utapata mahali pa kusikizwa. Watu wa Haiti walipouliza hapo mahali pako wapi, UN ilisema madai yao hayapokeleki. Nusu ya kwanza ya dili imelindwa miaka karibu 80. Nusu ya pili ni karatasi.

So ukisema tutoe kinga basi, tumalize, mimi nitakurudisha Haile Selassie Avenue. Agosti 7, 1998, watu 213 walikufa hapo Nairobi kwa bomu la Al-Qaeda. Sudan ilikuwa imewapa Al-Qaeda makao miaka ya tisini mwanzoni, na Marekani ilikuwa imeiweka kwa orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi tangu 1993. Nchi kawaida ina kinga, lakini sheria ya Marekani inasema ukiwa kwa hiyo orodha, kinga imepungua. So Sudan ikashtakiwa Washington, ikapigwa hukumu ya zaidi ya dola bilioni 10, kesi ikafika Korti ya Juu ya Marekani 2020. Mwishowe ikalipa dola milioni 335, na Desemba 2020 jina likatoka kwa orodha.

Mlango ulifunguliwa, si ndio? Ulifunguliwa kwa nani? Sheria ile ni ya raia wa Marekani, wanajeshi wake, wafanyakazi na makontrakta wa serikali yake, na familia zao. Wakenya waliokuwa wameajiriwa na ubalozi waliweza kuingia. Lakini kama ulikuwa sekretari Ufundi House, au ulikuwa kwa basi limekwama jam hapo nje, bomu lilikuwa lile lile, kioo kilichokutoa jicho kilikuwa kile kile, na korti haikuwa na nafasi yako. Hao ndio bado wanazunguka na faili zao za hospitali hadi Seneti ikawaundia kamati, miaka 25 baadaye. Kinga ya Sudan iliondolewa kwa saini na ikarudi baada ya malipo, na sahihi zote mbili ziliwekwa Washington.

Ndio maana hii barua ya mwezi wa nne inanikaa vibaya, hata nikiamini familia za Oktoba 7 zina haki ya kusikizwa. Angalia ujanja wake. 2019 Korti ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wavuvi wa India dhidi ya IFC, ule mkono wa Benki ya Dunia, ikasema mashirika ya kimataifa yanayolindwa na sheria ya Marekani ya 1945 yana kinga kama ya nchi tu, si zaidi. Ukifanya biashara, unaweza kushtakiwa. UN haikuguswa, ju UN iko chini ya mkataba wa 1946, droo tofauti. Sasa serikali inasema UNRWA si UN yenyewe, so itolewe kwa hiyo droo. Shirika liliundwa na Baraza Kuu la UN Desemba 1949, linaripoti kwa Baraza Kuu, lakini ati si UN. Ikipita hivyo, shirika lolote la UN litakalokosana na rais fulani linaweza kuamka siku moja likiambiwa si UN.

Na usidhani kinga ni mambo ya huko mbali. Nairobi ni moja ya ofisi kuu nne za UN duniani. 2024 serikali yetu iliipa Gates Foundation kinga kwa tangazo la gazeti rasmi, bila kuuliza mtu, mpaka LSK ikaenda kortini na Novemba jaji akaisimamisha. Kinga hapa hugawanywa kwa kalamu pia.

Kuna njia ya katikati iko tayari na haitumiki. Mkataba huo wa 1946 unasema Katibu Mkuu ana haki, na tena ana jukumu, la kuondoa kinga ya mfanyakazi ikiwa inazuia haki kutendeka na UN haitaumia. Wale tisa walifutwa. Kufutwa kazi ni barua ya HR, si kesi. António Guterres angeweza kuanzia hapo, kisha aunde lile baraza la madai lililoahidiwa, mahali mama wa kibbutz, mama wa Haiti na mama wa Gaza wote wanaweza kupeleka faili bila kuulizwa pasipoti ama nani alishinda uchaguzi wa Marekani.

Barua hiyo ilipoandikwa, faili ilikuwa kwa jaji wa Manhattan. Angekubaliana na barua ya serikali, mawakili wangeanza kudai rekodi za mishahara ya Gaza, na hapo ndipo tungejua kama ile stori ya dola ina miguu. Angesema kinga iko, rufaa ingeenda kwa korti ile ile ya rufaa iliyowarudisha Wahaiti nyumbani 2016.