Kabla Hamjahamia

Mwezi huu tuzungumze na wale ambao Mungu amewajalia kununua nyumba. Hatusemi ile ya kujenga tangu msingi, bali nyumba iliyokwisha kukaliwa na watu wengine, ambayo mmekabidhiwa funguo zake na sasa mnahesabu siku za kuhamia.

Aghalabu, malipo yakishakamilika, kinachobaki mfukoni ni kidogo, na hapo ndipo mabishano huanza. Baba anataka geti la chuma. Wifi anashauri sebule ipakwe rangi, maana wageni watafika siku ya ibada ya kubariki nyumba. Sisi tunasema, tena kwa mkazo, kwamba fedha hiyo ya kwanza iende kwenye madirisha, maji, choo na jiko. Rangi yaweza kupakwa hata mkiwa ndani, chumba kimoja kimoja. Lakini tangi la maji halisafishwi vizuri huku watu wanane wakisubiri kuoga, na fundi wa dari hafanyi kazi juu ya kitanda cha mtoto mchanga.

Sisi tuliponunua nyumba yetu pale Kihonda, Morogoro, tulikuwa na majuma matatu tu kabla kodi ya nyumba ya kupanga haijaisha. Siku ya kwanza tuliingia mchana wa jua kali, tukafunga milango na madirisha yote, tukasimama kimya katikati ya kila chumba tukitazama juu. Kila mahali mwanga ulipopenya tulitia alama ya chaki. Chumba cha watoto peke yake kilikuwa na alama kumi na saba, na nyingi zilikuwa pale ukuta unapokutana na bati. Mbu wa malaria huingia usiku, na njia yake kubwa ni mianya hiyo ya juu, ambayo mama anayefagia sakafu kila siku haioni. Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika nyumba zilizowekewa nyavu milangoni na madirishani na kuzibwa mianya ya juu, mbu walipungua sana, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache kuliko katika nyumba zilizoachwa wazi. Hata zile zilizowekewa nyavu darini peke yake zilipata nafuu. Sisi tuliofanya kazi wodi ya watoto, tukaona mtoto akiongezewa damu kwa sababu ya malaria, hatuhitaji kushawishiwa zaidi. Geti lilingoja.

Angalizo moja hapa. Mafundi wengine wakiambiwa wazibe, huziba kila kitu kwa saruji, pamoja na yale matundu ya hewa juu ya madirisha. Msikubali. Matundu hayo yafunikwe kwa wavu, hewa ipite. Chumba kisichopitisha hewa ni rafiki wa kifua kikuu.

Sasa tuje kwenye maji. Hamjui tangi lile lilisafishwa lini mara ya mwisho, na pengine aliyewauzia hajui pia. Limwageni, lisugueni ndani kwa brashi na sabuni, lisuuzeni. Kisha lijazeni na kutia klorini ya maji yenye nguvu ya asilimia 5, kwa kipimo cha lita moja katika kila lita 1,000 za maji. Fungueni kila bomba la nyumba mpaka harufu ya dawa isikike, halafu fungeni na kuacha kutwa na kucha. Baada ya hapo yamwageni yote, mjaze maji mapya. Yale ya dawa yasinywewe wala kumwagiwa bustani ya mchicha. Na tafadhali, klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwani hewa yake hubana kifua na yaweza kuua. Mfuniko wa tangi ukae sawasawa. Mbu wa kidingapopo, homa iliyosumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji safi ya namna hiyo, naye huuma mchana, wakati ambapo chandarua kimekunjwa.

Kama kuna kisima uani, pimeni hatua kutoka kisimani hadi shimo la choo. Umbali usipungue mita 30. Ukipungua, maji hayo yawe ya kufulia na kudekia, ya kunywa yatoke kwingine au yachemshwe. Mfuniko wa shimo nao ukanyagwe na mtu mzima kwa tahadhari, kwa fimbo kwanza. Zege lililooza halimwonyi mtoto anayecheza.

Jikoni hatuna maneno mengi. Jiko la mkaa liwe mahali hewa inapoingia upande huu na kutokea upande wa pili, na lisiingizwe chumbani hata wakati wa baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na familia nzima yaweza kulala isiamke. Fundi apige pia kabati dogo lenye kufuli, juu kuliko mkono wa mtoto, kwa ajili ya dawa na mafuta ya taa. Mafuta hayo yakitiwa kwenye chupa ya soda, mtoto huyadhani soda. Akinywa, msimtapishe wala kumpa maziwa, mkimbizeni hospitali.

Watakaokwangua rangi ya zamani wailoweshe kwanza kwa maji, wala mama mjamzito na watoto wasiwepo. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Paa la asbesto lisitobolewe wala kuvunjwa na fundi wa mtaani. Waya za umeme zikaguliwe na fundi mwenye leseni, si shemeji mwenye bisibisi.

Kama mama mkwe atakuja kukaa nanyi, bafuni ukutani pawekwe chuma cha kujishikia. Tumeuguza bibi wengi waliovunjika nyonga, na wengi waliteleza bafuni, si barabarani.

Na siku moja kabla gari la mizigo halijafika, nendeni na nyundo na misumari. Juu ya mahali pa kila kitanda pigeni ndoana za chandarua. Usiku wa kwanza kila mtu atakuwa amechoka, masanduku yamejaa mpaka mlangoni, na hakuna atakayekumbuka nyundo ilipo.