«Lala salama» ya Masisi na mchezo wa Yakuza: nani hasa analipa?

Katika mchezo wa video Yakuza 0, kazi ya kampuni ya Sega ya Japani, kuna jitu la mabavu linalozunguka barabarani. Linaitwa Mr. Shakedown. Mchezaji akipigwa nalo, pesa zake zote zinakwenda. Siku nyingine akilishinda, anarudishiwa zake na hata za ziada. Kijana wa Goma anayelipia dakika za PlayStation anaweza kulicheka. Kijana wa Masisi atauliza kwanza: na jetoni, linatoa?

Kwani huku anayekunyang'anya hukupa risiti. Katika vijiji vya Masisi na Walikale, makundi yenye silaha yamewauzia wakaazi usalama wao wenyewe kwa miaka mingi, na ushuru huo ukapewa jina la upole, «lala salama». Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika jinsi kundi la NDC-R la Guidon Shimiray, lilipokuwa na nguvu katika maeneo hayo mawili, lilivyomtoza kila mtu mzima franga 1,000 kwa mwezi na kumpatia jetoni kama ushahidi. Ukikutwa kwenye bariera bila jetoni, ni faini au kifungo. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu bariera 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Si za waasi peke yao: nyingi zilikuwa za askari wa serikali.

Magenge ya Japani yanajua biashara hiyo. Mwenye baa hulipa kila mwezi ili asisumbuliwe, na anayemlinda ndiye angemsumbua. Mfululizo wa michezo ya Yakuza, ulioanza Desemba 2005 kwenye PlayStation 2, umejengwa juu ya dunia hiyo. Mtaa wake wa Kamurocho umeigwa kutoka Kabukicho, mtaa halisi wa starehe mjini Tokyo.

Hadithi ya Yakuza 0 inamgusa mtu wa Masisi zaidi ya ngumi zake. Ni mwaka 1988, bei ya ardhi Tokyo imepanda kupita akili, na magenge yanauana kwa ajili ya kipande kimoja kitupu cha ardhi, kidogo kama ua wa nyumba. Mwenye haki nacho kisheria ni msichana kipofu ambaye mwanzoni hata hajui kwamba ni chake. Wote wenye silaha wanamtafuta, na hakuna anayemuuliza anataka nini.

Rubaya ni hivyo hivyo, ila hapa damu haifutiki kwa kuzima mashine. Vilima hivyo vya Masisi vinakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, ile inayotoka katika koltani. Kwenye karatasi, sehemu yake ilikuwa ya kampuni SMB, nao wachimbaji wa ushirika wa COOPERAMMA waligombana nayo miaka na miaka. Kwenye kilima chenyewe aliamua mwenye bunduki. Kulingana na wizara ya Fedha ya Marekani, kundi la PARECO-FF ndilo lililoshika machimbo kuanzia 2022 hadi 2024. Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 ikaingia Rubaya. Kufikia Desemba mwaka huo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema M23 inakusanya huko kama dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba tani zisizopungua 120 za koltani zinavuka kila mwezi kwenda Rwanda. Kigali imekanusha mara nyingi kwamba inafaidika na madini ya Congo.

Ubishi wa nani mwenye kilima haumgusi sana mchimbaji. Bosi akibadilika, yeye anashuka shimo lile lile na koleo lile lile, na anayepokea ushuru ndiye mgeni. Mwishoni mwa Januari 2026 machimbo ya Rubaya yaliporomoka katika msimu wa mvua, na viongozi waliowekwa na M23 wenyewe walitaja zaidi ya watu 200 waliokufa.

Koltani hiyo inaishia wapi? Tantali hutengenezwa vifaa vidogo vya kutunza umeme, vidogo kuliko punje ya mchele, vilivyomo katika simu, kompyuta na mashine za michezo. Ndiyo maana watu wengi huiita vita ya mwaka 2000 «vita ya PlayStation». PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi mwaka huo, na kabla mwaka haujaisha bei ya tantali ilikuwa imepanda mara kadhaa. Masisi na Walikale watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Novemba 2000 RCD-Goma, iliyotawala huku wakati huo, iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya kuuza koltani nje peke yake. Mwaka uliofuata bei ikaanguka. Hata hivyo jina hilo linarahisisha mno. Simu na kompyuta ziliongeza mahitaji pia, nao wafanyabiashara waliweka akiba wakiogopa upungufu. PlayStation ilibeba lawama kwa sababu kila mtu aliijua kwa jina.

Walikale ina madini mengine na njia nyingine, ingawa mwisho wake ni ule ule. Kasiterite ya Bisie ilipogunduliwa mwaka 2002, watu waliibeba mgongoni kupitia msituni hadi Njingala, na toka huko ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami ya Kilambo kuipeleka Goma. Kwa miaka kadhaa hadi 2009, bosi wa Bisie alikuwa brigedi ya 85: Mai-Mai waliovaa nguo za jeshi la taifa bila kuchanganywa na wengine. Leo kampuni Alphamin inachimba huko kwa mashine kubwa. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, kama asilimia 6 ya bati ya dunia, na bila bati hakuna waya unaoshikamana ndani ya kompyuta. Machi 13, 2025, M23 ikikaribia, Alphamin ilisimamisha kazi, na bei ya bati ikapanda London. Siku chache baadaye waasi waliingia Walikale-centre. Mwanzoni mwa Aprili wakatoka, na mgodi ukafunguliwa tena. Mamia ya wakimbizi wa vita hawakusikika katika soko lolote, lakini wiki chache za mgodi kufungwa zilisikika mara moja.

Japani ilijaribu kitu ambacho huku bado. Sheria ya 1992 iliyabana magenge yenyewe. Kufikia Oktoba 2011 kila mkoa ulikuwa na kanuni inayomkataza mfanyabiashara kuyapa faida yoyote, na mwaka 2019 Tokyo ikaongeza adhabu: katika mitaa kama Kabukicho, mwenye baa anayelipa anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Mwishoni mwa 2024 polisi walihesabu watu 18,800 tu katika magenge hayo, wakati miaka ya 1960 walipita 180,000.

Kuhamisha kanuni hiyo Masisi kama ilivyo kungekuwa ukatili. Mama anayepita bariera na ndoo ya maharagwe halipi kwa hiari. Mwenye kuchagua yuko mbali zaidi kwenye mnyororo, na huko sheria hutembea polepole. Sheria ya Marekani ya 2010 inayataka makampuni yatoe ripoti juu ya madini yao, na tangu 2014 ripoti hizo zinatolewa kila mwaka. Inataka maelezo, haikatazi kununua. Walioumia kwanza walikuwa wachimbaji, hasa Rais Kabila aliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011. Februari 2025 Kinshasa ikatangaza machimbo kadhaa ya Masisi kuwa «mekundu», yaani madini yake yasinunuliwe. Bariera hazikuondoka.

Agosti 12, 2025, Marekani iliwagusa wanunuzi kwa majina. Pamoja na PARECO-FF, iliwekea vikwazo ushirika CDI wa Rubaya na makampuni mawili ya Hong Kong yaliyonunua madini hayo. Moja ni East Rise. Nyingine inaitwa Star Dragon, jina ambalo wacheza Yakuza wangedhani limetoka Kamurocho, kwa sababu jina la Kijapani la mchezo wao lina maana ya «kama joka». Vikwazo hivyo vilihusu hasa biashara ya kabla ya M23. Waliochukua kilima baadaye walikuwa wamekwisha kuweka bei yao ya kupita.