Kamera ya kamio ilinde shofere pia

Hapa Bel-Air, mashofere wa makamio makubwa wakikutana, mabishano ni yaleyale: vitesi vya mkono ao otomatiki? Kamio ya zamani ao mpya? Na siku hizi limeongezeka la tatu: kamera.

Wazee wa kazi wanataka kamio ya zamani, na wana sababu. Ikiharibika kati ya Likasi na Kolwezi, fundi mwenye funguo zake na nyundo anaitengeneza kando ya barabara. Kamio mpya, waya mmoja tu ukileta shida, inaweza kukosa nguvu mpaka aje fundi mwenye ordinateri. Vijana wanajibu: kwenye mstari wa Kasumbalesa unasogea mita kumi, unasimama tena, na mguu wa kushoto unachoka kwa kukanyaga ambreyaji. Otomatiki inaupumzisha. Hapo kila upande una haki yake.

Kwa kamera, wengi wanakataa kabisa. Mimi nasema tusikatae, tuulize kwanza: inatazama wapi, na picha ni za nani?

Kamera inayotazama barabara inamfaa shofere. Kongo tunaendesha kuume, Zambia kushoto. Makamio mengi yanayotoka kusini yana usukani kuume, na huku kwetu shofere wake haoni vizuri mbele akitaka kupita mwenzake. Ajali ikitokea, kila mtu anasimulia yake, na lawama inaanguka haraka juu ya mwenye gari kubwa. Picha inaweza kuonyesha nani alitoka kwenye upande wake.

Kamera inayotazama ndani ni habari nyingine. Kabina ni nyumba ya shofere: ndimo analala, anakula, anabadilisha nguo. Mwezi wa Agosti 2024, Zambia ilipofunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, tuliona jinsi safari inavyoweza kugeuka kungoja kwa siku nyingi. Nani anakubali kuchungwa na patroni hata usingizini?

Basi mapatroni waandike ndani ya mkataba: kamera itazame barabara, ya ndani, kama iko, izimike injini ikizimwa, na ajali ikitokea, shofere apewe kopi ya picha. Na wewe shofere, uliza hayo mbele ya kutia sahihi. Picha zinazotoka siku ya kukata mshahara tu hazilindi mtu barabarani.