TUNUNUE REDIO YA KUSIKIA MBALI, SIYO YA TAA

Ndugu wanaushirika,

Halmashauri imetenga fedha za kununua redio moja ya kijiji, itakayokaa ghalani. Tunasikia wenzetu wengine wamekwisha kuichagua: ile kubwa yenye taa za rangi, inayopiga muziki wa flashi. Sisi tunasema hapana.

Redio ile ni ya FM tu. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Yakikuta mlima, basi. Na sisi tumekaa nyuma ya mlima, kila mtu anajua. Masafa mafupi, yaani SW, hupanda juu angani, yakagonga tabaka la hewa lenye umeme, yakarudi chini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo maana wazee wetu walisikia Kiswahili kutoka London tangu 1957 na kutoka Ujerumani tangu 1963, na hapa hapakuwa na mnara hata mmoja.

Vijana wanasema simu inatosha. Haya. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilisuasua nchi nzima. Bando unalo, habari huna. Tena simu ni ya sikio moja. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Darasa letu la kisomo cha watu wazima linataka kitu cha namna hiyo: tusikilize pamoja, tubishane, tuandike.

Lakini tusidanganyane, stesheni za masafa mafupi zimepungua. Sauti ya Amerika nayo ilinyamaza Machi 2025. Kwa hiyo redio hainunuliwi kwa macho, inunuliwe kwa masikio.

Sisi tulishaumia. Redio tuliyonunua kwa mchango wa darasa iliandikwa bendi 12, na mjini ilinguruma vizuri. Kufika hapa, kwenye SW ni mluzi mtupu, na stesheni moja inatokea mahali pawili kama pacha. Fundi akasema redio za bei rahisi ndivyo zilivyo, hazichuji. Mama mmoja aliyeuza kuku wake ili achangie bado anatuuliza, nasi hatuna jibu la kumpa.

Watakaotumwa mjini safari hii waangalie SW ianzie megahezi 5.9 au chini yake, ifike 15.8 au zaidi, bila kuruka katikati. Usiku hutumika zaidi masafa ya chini, kama mita 49. Mchana ya juu, kama mita 19. Ile inayoonyesha namba kwenye kioo ni bora, maana mwanakisomo ataandika namba daftarini na kesho atarudi pale pale. Mshale huteleza. Iwe inatumia betri za kawaida, haya mawe yanayouzwa dukani kwetu, siyo betri ya kuchaji ya ndani peke yake, ambayo ikifa na redio imekufa. Ikikosa tundu la antena ya nje si neno: waya wa mita 10 ukifungwa kwenye antena yake na kupelekwa hadi mwembeni husaidia sana. Ila radi zikianza, ng'oeni waya upesi!

Msiijaribu ndani ya duka, chini ya bati na taa za umeme; huko kelele ni nyingi. Itoeni nje, jioni, saa kumi na mbili hivi, mpaka msikie Kiswahili cha kutoka mbali kwa masikio yenu. Muuzaji akikataa isijaribiwe, rudini na fedha zetu.

Mkutano ni Jumamosi saa nane mchana, hapa ghalani. Wanaotaka ile ya muziki nao waje waseme. Muziki wa harusi ni hoja, hatukatai. Wanakisomo waje na madaftari.

Katibu wa Tawi