Niko Timu Plastiki, na Mpini Wako wa Chuma Haunitishi

Wasee, hii najua itaniletea matusi, lakini wacha niseme tu. Mpini wa chuma kwenye bastola ya mashindano haukuongezei talanta. Unakuongezea uzito. Halafu kuna watu wanauza huo uzito kama ufundi, wanakula komisheni, na anayelipa ni msee ambaye bado hajajifunza kubana mkono vizuri.

Kwa wale hawajui naongelea nini: kuna mchezo wa kupiga shabaha kwa bastola ukiwa mbioni. Saa inalia biip, unachomoa bastola kiunoni, unapiga shabaha za kadibodi na za chuma huku unahama kutoka kona moja hadi nyingine, halafu pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Ukiwa sahihi lakini pole pole, umeisha. Ukiwa mbio lakini unakosa, pia umeisha. Shirika la dunia linaitwa IPSC, lilizaliwa 1976 huko Columbia, Missouri, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Tawi la Marekani ndilo USPSA. Huu si ule mchezo wa Yusuf Dikeç, yule mzee wa Uturuki aliyesimama Paris 2024 na mkono mmoja mfukoni akabeba fedha na sisi tukamgeuza meme wiki nzima. Huo ni wa Olimpiki. Nitarudi kwake.

Na kabla mniulize: hapana, mimi sina bastola. Hapa Kenya huwezi kuwa nayo bila leseni, na mimi hata leseni ya pikipiki bado nahangaika nayo. Huu mchezo niliupata kama vile wengi wenu mliupata, kwa simu, saa nane usiku, baada ya kutoka kwa Call of Duty. Lakini kuna mtu wangu yuko ndani kabisa, na ndiyo maana nina hasira.

Binamu yangu yuko Minnesota. Anafanya kazi ya usiku kwa nyumba ya wazee, wikendi anaenda klabu ya kulenga shabaha. Alianza na SIG P320, mpini wa polima, vile ilitoka dukani. Mechi zake za kwanza alikuwa anashika mkia lakini anafurahi. Halafu mzee mmoja wa klabu akamwangalia bastola, akacheka kidogo, akamwambia hiyo plastiki itamrudisha nyuma. Jioni hiyo binamu akaingia mtandaoni. Mnajua vile inaendanga. Video ya kwanza, mpini wa alumini. Ya pili, mpini wa alumini na kodi ya punguzo ya asilimia kumi. Ya tatu, jamaa ana sauti nzito anasema ukitaka kushindana kweli lazima utoke kwa plastiki.

P320 ina kitu kimoja cha ajabu: kwa sheria ya Marekani, bunduki yenyewe ni kile kifaa kidogo cha ndani chenye namba ya usajili, chenye kifyatulio. Mpini hauhesabiki kama bunduki. Unaagizwa unaletwa mlangoni kama viatu. Kwa hivyo binamu akaagiza. Karibu dola 400.

Hizo dola 400, ukikadiria risasi moja ya 9mm kwa senti 25 hivi, ni risasi 1,600 za mazoezi. Hakuzinunua. Miezi miwili hakufyatua kitu nje ya siku ya mechi kwa sababu bajeti ilikuwa imeenda kwa mpini. USPSA inapanga wachezaji kwa makundi, kuanzia D kule chini, C, B, A, Master, hadi Grand Master. Alikuwa C. Bado yuko C. Tofauti ni kwamba sasa yuko C na bastola inang'aa.

Sasa wacha niwape watu wa chuma haki yao, sitaki kuitwa mwongo. (Nikisema chuma hapa namaanisha metali yoyote, hata alumini.) Fizikia iko upande wao. Risasi ya gramu 8 ikitoka kwa mita 320 kwa sekunde, lazima kitu kirudi nyuma. Tuseme bastola ina gramu 700: inarudi kwa mita 3.7 hivi kwa sekunde, na hapo sijahesabu gesi ya baruti. Ifanye gramu 1,400, inarudi kwa nusu ya hiyo. Hiyo si maoni, ni hesabu ya Form Three. Teke linapungua, nukta nyekundu kwenye kioo hairuki juu sana, na risasi ya pili inatoka mapema. Ndiyo maana ukiangalia mechi kubwa unaona CZ Shadow 2 kila mahali, bastola ya chuma yenye gramu 1,330, ilhali Glock 17 ina gramu 630 hivi bila magazini. Hao mabingwa si wajinga.

Lakini angalia vizuri kile kinachofanya kazi hapo. Ni chuma, ama ni uzito?

SIG wenyewe walijibu hilo swali mwaka wa 2019. Walitoa P320 X-Five Legion, na mpini wake ni polima. Plastiki, jamani. Ila wamechanganya ndani yake unga wa tangsteni, metali yenye uzito wa gramu 19 na kitu kwa kila sentimita moja ya ujazo. Alumini ni 2.7. Bastola nzima ikafika wakia 43.5, yaani kilo moja na gramu 230 hivi. Na watu wakaipenda, hakuna aliyesema ati ni kifaa cha watoto. Kwa hivyo hii vita ya chuma dhidi ya plastiki ambayo mnapigana nayo kila siku ni ya uongo. Vita ni ya gramu. Chuma ni njia moja tu ya kununua gramu, na ndiyo njia inapendeza kwa picha.

Hapo ndipo shida yangu na wenye mchezo inaanzia. Kauli mbiu ya IPSC ni maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas. Usahihi, nguvu, kasi. Hilo la katikati si pambo. Kuna kipimo cha nguvu: uzito wa risasi mara kasi yake, na usipofika kiwango cha chini, pointi zako za mechi hazihesabiki. Kwa nini waliweka hivyo? Ili mtu asije na virisasi vyepesi ambavyo havipigi teke, akawashinda wanaopigana na bastola halisi. Yaani teke ni sehemu ya mtihani. Uliwekwa makusudi.

Sasa niambie, ukishamlazimisha kila mtu alete teke, halafu umruhusu anunue uzito wa kulimeza, umebakisha nini? Umefunga mlango wa mbele na wa jikoni uko wazi.

USPSA ilikuwa na divisheni inaitwa Carry Optics. Sikiliza jina: bastola ya kubeba, yenye kioo. Kikomo cha uzito kilikuwa wakia 45. Wakakipandisha hadi wakia 59. Hiyo ni kilo moja na gramu 670, bila risasi. Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili, toa ugali wa watu wawili, kile kinabaki ndicho hicho. Nani anabeba hiyo kiunoni kwenda dukani? Jina lilibaki, maana ikahama. Na kila gramu waliyoongeza ikawa soko: mipini mizito, taa nzito za kuning'iniza mbele ambazo hakuna mtu anaziwasha, vitako vizito vya magazini.

Ati haiwezekani kuzuia? Olimpiki wanazuia. Bastola ya hewa ya mita 10, ile ya Dikeç na Kim Yeji, haiwezi kupita gramu 1,500. Ile ya mita 25 haiwezi kupita 1,400. Na lazima iingie kwa boksi la vipimo maalum, isipoingia hushindani. Mpini wake mara nyingi ni wa mbao, umechongwa kufuata mkono wa mchezaji. Mbao! Watu wanapiga katikati ya duara dogo kuliko sarafu ya shilingi wakiwa wameshika mbao, na hakuna mtu anawaambia watoke kwa mbao wakitaka kushindana kweli. Hata IPSC iliwahi kuandika divisheni ya Production Optics Light yenye kikomo cha gramu 1,000. Kwa hivyo wanajua kuandika hiyo namba. Ni roho tu ya kuishikilia.

Sisi Wakenya hii tunaielewa vizuri kuliko wengi, kwa sababu ya viatu. Tulipigiwa kelele dunia nzima juu ya soli nene za mbio, na 2020 World Athletics wakasema milimita 40 kwa barabara, mwisho hapo. Hakuna aliyepiga marufuku viatu. Waliweka paa, mbio zikaendelea. Kelvin Kiptum akakimbia 2:00:35 Chicago mwaka wa 2023 chini ya hilo paa. Mimi sisemi chuma kipigwe marufuku. Leta chuma, leta tangsteni, leta mfupa wa ng'ombe ukitaka, lakini yote yaingie kwa mzani mmoja ambao bastola ya kawaida ya polima inaweza kuukaribia.

Na kuna kitu hao wauzaji huwa wanaruka kabisa. Uzito una deni. Bastola nzito inachelewa kuanza kusogea na inachelewa kusimama, na mchezo wenyewe ni kuhama kutoka shabaha moja hadi nyingine. Msee mwenye mikono imezoea anailipa hiyo deni na chenji anabaki nayo. Anayeanza anapitiliza shabaha, anarudi, anapitiliza tena. Kwa kweli hata Call of Duty Mobile ni waaminifu kuwashinda: ukiweka kifaa cha kupunguza teke, pale pembeni wanakuonyesha kwa rangi nyekundu kile umepoteza. Hawa wa mipini wanakuonyesha kijani peke yake.

Polima nayo ina mambo yake mazuri ambayo si bei tu. Inamiminwa kwa umbo lolote, na ndiyo maana Walther P99 ya 1997 ilikuja na migongo ya mpini ya kubadilisha kulingana na mkono, na Glock wakafuata na kizazi cha nne 2010. Kama mkono wako ni mdogo, hiyo inakusaidia kuliko gramu 300 za chuma, kwa sababu mpini usiokutosha hauwezi kuushika vizuri hata uwe wa dhahabu. Ikiteleza kwa jasho, watu wanachukua chuma cha kulehemu nyaya, wanachoma vidoti vidogo vidogo kwa uso wa plastiki mpaka ushike kama msasa. Kazi ya jioni moja, mezani jikoni. Jaribu hiyo kwa alumini.

Na waliowahi kushinda na plastiki wapo. Dave Sevigny alibeba ubingwa wa taifa wa USPSA Production mara kadhaa na Glock mkononi. Robert Vogel, askari polisi, naye alijenga jina lake lote kwa Glock. Mtasema huo ulikuwa wakati mwingine. Sawa. Ulikuwa wakati mwingine kwa sababu sheria zilikuwa nyingine. Mkono wa binadamu haujabadilika tangu hapo.

Gaston Glock, aliyefariki Desemba 2023 akiwa na miaka 94, alikuwa anatengeneza fimbo za pazia na visu kabla jeshi la Austria lichukue bastola yake mwaka wa 1982. Hakuwa hata wa kwanza na polima, Heckler & Koch walikuwa na VP70 tangu 1970. Watu walimcheka yeye pia kwa plastiki.

Juzi nilimuuliza binamu kama anajuta. Akaniambia, "Mdogo wangu, ni nzuri kushika. Lakini shida yangu ilikuwa kidole, si mpini." Anavuta kifyatulio kwa nguvu sana, risasi zinaenda chini kushoto. Zilikuwa zinaenda chini kushoto na plastiki. Sasa zinaenda chini kushoto na alumini.

Kwa hivyo nyinyi wenye kodi za punguzo, na najua mnasoma hii, nina ombi moja. Chukueni mtu wa kundi C. Mpeni mwezi mmoja na mpini wa polima na risasi 1,600, mpeni mwezi mwingine na mpini wenu wa chuma bila risasi za mazoezi. Stagi zile zile, saa ile ile, kamera isikatwe. Halafu wekeni namba zote mbili kwa skrini, juu kidogo ya hiyo kodi yenu.